Dar es Salaam, Durban au Lobito: kontena ya Lubumbashi ipitie wapi?

Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, haina bahari. Kila kontena ya vigae, ya mchele au ya vipuri inayofunguliwa hapa mjini, na kila kontena ya shaba inayotoka migodini, imepita au itapita kwenye bandari ya nchi nyingine. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mji ukiitwa Élisabethville, na tangu siku hizo swali ni lile lile: tupitie bahari ipi? Leo majibu makubwa ni matatu. Iko Dar es Salaam upande wa mashariki, Durban ya Afrika Kusini upande wa kusini, na Lobito ya Angola upande wa magharibi, ambayo imeanza tena kupokea mzigo wetu baada ya kimya cha miaka mingi. Beira ya Msumbiji na Walvis Bay ya Namibia zipo pia, nitazigusa kwa ufupi.

Ukimuuliza wakala wa forodha, mara nyingi atakujibu kwa kilomita na kwa bei ya lori. Yote mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi. Lori linalotembea kilomita 400 kwa siku lingetoka Dar es Salaam na kufika hapa kwa siku tano. Mbona basi mzigo unachukua wiki tatu, nne, pengine zaidi? Ni kwa sababu siku nyingi kontena haitembei. Inasubiri gati ikiwa bado melini, inasubiri karatasi yadini, inasubiri behewa stesheni, inasubiri zamu mpakani. Ulinganisho huu unapima mahali kontena inaposimama, kwa sababu hapo ndipo pesa ya mfanyabiashara inapoliwa.

Tutapima nini

Nimechagua mambo matano, na kila njia itapimwa kwa hayo hayo. La kwanza ni meli na gati: meli zinakuja mara ngapi, kutoka wapi, na je, zinashusha mara zinapofika? La pili ni yadi ya bandari, yaani nafasi ya kupanga kontena na siku ambazo kila moja inakaa. La tatu ni reli, pamoja na yadi zake za kupangia mabehewa. La nne ni barabara na mipaka. La tano ni kontena tupu, jambo ambalo watu wengi hulikumbuka bili ikishafika.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kwenye hesabu moja ndogo. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo wapangaji wa bandari wanaitegemea hadi leo: idadi ya vitu vilivyomo mahali ni sawa na vinavyoingia kwa siku, mara siku ambazo kila kimoja kinakaa. Tuchukue yadi ya mfano. Ina nafasi 2,000 za chini za kontena ya futi 20, na zinapangwa hadi nne kwenda juu. Hiyo ni 8,000 kwenye karatasi. Lakini yadi iliyojaa kabisa haifanyi kazi: ili kreni iitoe kontena ya chini lazima iwe na pa kuziweka za juu. Kwa hiyo tuhesabu asilimia 65, yaani 5,200. Kila kontena ikikaa siku 8, yadi inaweza kupitisha 650 kwa siku, karibu 237,000 kwa mwaka. Zikikaa siku 12, zinapita 433 tu kwa siku, karibu 158,000 kwa mwaka. Kreni ni zile zile na lami ni ile ile, lakini uwezo umepungua kwa theluthi moja kwa sababu ya siku nne.

Ndiyo maana tangazo la gati jipya au kreni mpya lisikutoshe. Ni sawa na kumimina mawese kwenye chupa: upana wa tumbo la chupa hauharakishi kitu kama mdomo wake ni mwembamba. Ukiwa na njia tatu mbele yako, utafute mdomo mwembamba wa kila moja uko wapi.

Meli na gati

Durban ni miongoni mwa bandari kubwa zaidi za kontena kusini mwa Sahara, na meli kubwa za Asia, Ulaya na Amerika zinapita hapo bila mzigo kuhamishiwa meli ndogo. Kwa mtu anayenunua bidhaa pande nyingi za dunia, hilo lina uzito. Tatizo lake liko kwenye kushusha. Mwishoni mwa 2023 zaidi ya meli 60 zilitia nanga nje ya Durban zikisubiri nafasi. Vifaa vilivyochakaa, upepo mkali unaosimamisha kreni na matengenezo yaliyocheleweshwa vilikutana kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo, Julai 2021, mifumo ya kompyuta ya Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, ilishambuliwa na bandari zikarudi kwenye kazi ya mkono, na Aprili 2022 mafuriko ya KwaZulu-Natal yakakata barabara ya bandarini. Mwaka 2023 kampuni ya ICTSI ya Ufilipino ilichaguliwa kuwa mshirika katika Pier 2, gati kuu la kontena, na jambo hilo likaenda mahakamani kwanza. Durban ina nguvu kubwa, lakini ikiugua, inaugua kwa wiki nyingi.

Dar es Salaam imebadilika sana ndani ya miaka michache. Gati 1 hadi 7 zimeongezwa kina kufikia mita 14.5. Mwaka 2023 Tanzania ilisaini mkataba wa miaka 30 na DP World ya Dubai, na mwaka 2024 muungano wa Adani ya India na AD Ports ya Abu Dhabi ukaingia kwenye gati 8 hadi 11, ambako zamani ilikuwa kampuni ya TICTS. Kwa mzigo wa China, India na Dubai, ambao ndio mwingi katika maduka yetu, Dar iko karibu: meli inakata Bahari ya Hindi moja kwa moja, haigusi Bahari ya Shamu wala Rasi ya Tumaini Jema.

Lobito ni bandari ya Atlantiki yenye maji ya kina yaliyokingwa na ulimi wa mchanga. Tangu 2024 gati la kontena liko mikononi mwa kampuni ya AGL kwa miaka 20. Kwa mzigo wa Ulaya, Brazili au Marekani, jiografia inaipendelea. Kwa mzigo wa Guangzhou hali inageuka, maana meli lazima izunguke kusini mwa Afrika nzima. Tena meli nyingi za Angola zinaitazama Luanda kwanza. Uliza mapema kama kontena yako itashuka Lobito moja kwa moja au itahamishwa njiani. Kila kuhamishwa ni yadi nyingine ya kusubiria.

Yadi ya bandari na bandari kavu

Hapa ndipo Dar es Salaam inahitaji kutazamwa kwa makini. Bandari imebanwa katikati ya mji, na haiwezi kutanuka kuelekea Kurasini au Posta bila kubomoa. Ndiyo maana kuna bandari kavu nyingi kandokando, zile ambazo mawakala wa huko wanaziita ICD: kontena inatolewa bandarini na kupelekwa yadi ya kampuni binafsi, taratibu zinamalizikia huko. Kwa bandari ni nafuu, kwako ni kubebwa mara mbili. Julai 2025 Tanzania ilifungua bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyounganishwa kwa reli, na nchi jirani zikiwemo Kongo zimetengewa eneo. Ni wazo zuri kwa sababu linaongeza nafasi mbali na msongamano. Lakini angalia jambo moja: reli mpya ya Tanzania, SGR, inayopita Kwala ina upana wa milimita 1,435, na ya TAZARA, reli ya zamani kati ya Dar na Zambia, ina 1,067. Kontena iliyofika Kwala kwa SGR haiwezi kuendelea kuja Zambia juu ya behewa lile lile, itahamishiwa lori.

Durban nayo ina bandari kavu yake, City Deep mjini Johannesburg, zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa uzuri wa njia ya kusini: kontena inapanda treni gatini, inashuka Johannesburg, halafu malori ya Zambia na Kongo yanachukulia hapo. Reli ikifanya kazi, yadi ya Durban inapumua. Reli ikilegea, kontena zinabaki gatini au zinahamia kwenye malori, na ile hesabu ya siku 8 na siku 12 inaanza kufanya kazi yake.

Lobito kwa sasa ina nafasi. Mzigo bado ni mdogo kuliko eneo, na treni inaingia karibu na gati lenyewe. Sioni vibaya kusema wazi kwamba yadi isiyosongamana ni raha ya bandari changa. Siku mzigo wa migodi yote ya Kolwezi utakapogeukia magharibi, hesabu itabadilika. Lakini anayechagua leo anachagua kwa hali ya leo.

Reli

Habari njema tuliyorithi kwa wajenzi wa zamani ni kwamba reli zote zinazotufikia zina upana mmoja wa milimita 1,067. Behewa linaweza kutoka Durban, Lobito, au Dar kwa njia ya TAZARA, likafika stesheni ya Lubumbashi bila kontena kuguswa. Wazee wa Makomeno, mtaa wa wafanyakazi wa reli hapa mjini, waliofanya kazi hiyo wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Kwa nini basi malori yamejaa barabarani?

Watu wengi wanadhani shida ni njia yenyewe, reli zilizochakaa. Ni kweli kwa sehemu. Njia ya reli moja ina mpaka wake: treni mbili zinapishana stesheni tu. Kama kati ya stesheni mbili treni inatumia dakika 50, na kupanga ishara dakika 10, basi sehemu hiyo inapitisha treni moja kwa saa, 24 kwa siku kwa pande zote mbili. Toa muda wa matengenezo na ucheleweshaji, baki na 16, nane kila upande. Treni ya mabehewa 40 yenye kontena mbili za futi 20 kila moja inabeba kontena 80. Nane mara 80 ni 640 kwa siku kila upande. Ni nyingi mno! Hakuna njia yetu yoyote ya reli inayokaribia hapo.

Sasa tumia kanuni ya Little kwa mabehewa. Tuseme kampuni ya reli ina mabehewa 400 ya kontena yaliyo mazima, na kila moja linachukua siku 20 kwenda, kushushwa, kusubiri kichwa cha treni, kurudi na kupakiwa tena. Mabehewa 400 kwa siku 20 ni mabehewa 20 kwa siku, yaani kontena 40. Njia ingeweza kubeba 640, mabehewa yanaruhusu 40. Ukipunguza mzunguko kutoka siku 20 hadi 10, unapata 80 bila kununua behewa hata moja. Mdomo mwembamba wa reli zetu uko kwenye mabehewa yanayolala katika yadi za kupangia, vichwa vichache, na makabidhiano kati ya kampuni moja na nyingine.

Kwa hiyo hesabu makabidhiano. Kutoka Durban kupitia Zimbabwe, treni inapita mikononi mwa Transnet, reli ya Beitbridge hadi Bulawayo, reli ya taifa ya Zimbabwe, reli ya Zambia inayovuka daraja la Victoria Falls la mwaka 1905, halafu SNCC, shirika la reli la Kongo, kuanzia mpakani Sakania. Ni kampuni tano, na kila mkabidhiano una yadi ambapo behewa linakaguliwa na kusubiri kichwa kingine. Zaidi ya hapo, Transnet yenyewe imeporomoka: ilibeba tani milioni 226 mwaka wa fedha 2017/18, ikafika milioni 149 mwaka 2022/23, kwa wizi wa nyaya na ukosefu wa vichwa.

Kutoka Dar kuna makabidhiano mawili: TAZARA kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, reli ya Zambia hadi mpakani, kisha SNCC. TAZARA ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 ikiwa imepimwa kwa tani milioni 5 kwa mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya hiyo. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano mjini Beijing ya kuifufua. Nina matumaini nayo, ila mwenye mzigo wa mwezi huu aulize mabehewa yapo mangapi leo.

Lobito ina mkabidhiano mmoja. Reli ya Benguela, kilomita 1,344 kutoka Lobito hadi Luau, iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, ikakatika kwa vita vya Angola kuanzia 1975, ikajengwa upya na Wachina na kuzinduliwa tena 2015. Tangu 2023 inaendeshwa na Lobito Atlantic Railway, muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, kwa mkataba wa miaka 30. Mwezi Desemba mwaka huo huo shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilipakiwa Kolwezi na kufika Lobito kwa siku 8, safari ya kama kilomita 1,740. Ni nadra lori linalopita Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, kufika baharini kwa mwendo huo. Udhaifu uko upande wetu: kipande cha Dilolo hadi Kolwezi ni cha SNCC, ni cha zamani, na treni inatembea polepole kwa tahadhari. Tena ubora wa njia hii ni wa Kolwezi kuliko wa Lubumbashi. Kutoka Kolwezi hadi hapa kuna kilomita 300 hivi kupitia Likasi, na ukilazimika kuzimaliza kwa lori, faida inaanza kupungua.

Barabara na mipaka

Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 2,000 na mipaka miwili: Tunduma na Nakonde, ambako tangu 2019 kuna kituo cha pamoja, halafu Kasumbalesa. Durban ni zaidi ya kilomita 2,500 na mipaka mitatu, ama Beitbridge, Chirundu na Kasumbalesa, ama kupitia Botswana na daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021, halafu Kasumbalesa vile vile. Chirundu ilikuwa ya kwanza Afrika kuwa na kituo cha pamoja, mwaka 2009. Lobito kwa reli ina mpaka mmoja, Luau na Dilolo.

Njia kuu zote za lori zinakutana Kasumbalesa. Aliyewahi kupita upande wa Chililabombwe, ng'ambo ya Zambia, wakati wa msongamano ameona: malori yamepangwa ukingoni mwa barabara mpaka macho yanachoka, madereva wamewasha makaa chini ya trela wanapika, mashati yameanikwa kwenye kamba za turubai, na dereva mmoja anatembea akihesabu magari yaliyo mbele yake. Hesabu ya foleni ile ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mpaka ukipitisha malori 400 kwa siku na yakafika 450, 50 yanabaki. Baada ya siku 20 ni malori 1,000. Kila lori likichukua mita 25 pamoja na nafasi yake, hiyo ni kilomita 25 za foleni, kwa sababu ya upungufu wa malori 50 tu kwa siku. Na siku mpaka huo unapoanza kupitisha 450, foleni haipungui. Inasimama pale pale hadi mpaka upitishe zaidi ya yanayofika.

Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Sakania na Mokambo kwa siku chache kutokana na mvutano wa biashara ya bia na vinywaji. Siku hizo anayetumia Dar na anayetumia Durban walikwama pamoja. Hiyo ndiyo hoja kubwa zaidi ya Lobito kwa macho yangu: haitegemei mlango mmoja na wenzake. Kwa upande mwingine, reli moja yenye daraja lililobomoka au behewa lililoanguka haina njia ya pembeni, wakati lori linaweza kuzungukia Mokambo.

Jambo ambalo halipo kwenye chati yoyote: Dar unafanya kazi kwa Kiswahili. Mama mwenye duka katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi anaweza kumpigia wakala wake Kurasini na kuelewana naye mpaka kwenye namba ya lakiri. Durban ni Kiingereza, Lobito ni Kireno, na neno moja lililokosewa kwenye hati ya shehena linaweza kukugharimu wiki.

Kontena tupu

Kontena ni mali ya kampuni ya meli. Unapewa siku za bure, zikiisha unatozwa kila siku hadi uirudishe tupu mahali ilikotajwa, mara nyingi bandarini. Kwa mtu wa Lubumbashi hii ina maana ya safari ya pili ndefu kama ya kwanza. Mfanyabiashara akihesabu bei ya kuja tu, amehesabu nusu.

Dar na Durban zina njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kufungua kontena kule kule na kupakia mzigo kwenye lori chini ya turubai. Kontena inabaki, dhamana inarudi. Inafaa kwa vigae, mchele na mabati, haifai kwa vitu vya kuvunjika au vinavyotamaniwa njiani. Ya pili ni kupata mzigo wa kurudi. Hapa Dar ina nguvu: malori yanayoleta bidhaa yanarudi na shaba, hivyo mwenye lori hatozi kana kwamba anarudi mtupu, na shaba nyingi inajazwa kwenye kontena ikishafika Dar. Upande wa Lobito mtiririko mkubwa ni wa madini yanayotoka na salfa inayoingia kwa ajili ya viwanda vya migodi. Ukiwa na kontena chache za bidhaa za duka, hakikisha kwa maandishi nani atairudisha tupu, na kwa treni ipi.

Beira na Walvis Bay

Beira iko karibu kuliko Durban na ina mwendeshaji mzoefu wa gati, Cornelder, tangu miaka ya 1990. Mlango wake wa bahari unajaa tope la mto Pungwe, hivyo kina kinategemea uchimbaji usiokoma na saa za maji kujaa. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga vibaya. Walvis Bay ilifungua gati jipya la kontena Agosti 2019, tulivu, lenye nafasi, lakini reli yake ya kuelekea Zambia inaishia Grootfontein na barabara iliyobaki ni ndefu. Zote mbili ni mlango wa akiba mzuri kwa mtu ambaye tayari ana njia kuu.

Nani achague nini

Ukiwa mfanyabiashara wa kontena moja au mbili kutoka China, India au Dubai, mzigo wa duka, mtaji unaozunguka: anza na Dar es Salaam kwa lori. Uliza kama kontena itabaki bandarini au itapelekwa ICD, na omba FERI, hati ya taarifa za mzigo unaoingia inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya shehena ya Kongo, kabla mzigo haujapanda meli, kwa sababu karatasi inayotafutwa meli ikishafika ndiyo inayogeuza siku 8 kuwa siku 12. Kama mzigo unavumilia, ufungue Dar.

Ukinunua Afrika Kusini kwenyewe, mashine, vipuri vya migodi, chakula cha viwandani, huna sababu ya kuigusa bandari. Lori kutoka Johannesburg linakupa njia ya kusini bila maradhi ya Durban. Na ukiwa na mzigo wa Amerika au Ulaya unaounganishwa na ule wa Johannesburg, Durban bado ina mantiki, ila weka wiki za akiba katika miezi ya upepo.

Ukiwa mgodi au kiwanda cha Kolwezi, Fungurume au hata Likasi, wenye mamia ya tani kila wiki zinazokwenda Ulaya au Marekani, Lobito inastahili sehemu ya mzigo wako sasa. Reli inalipa kwa wingi na kwa mpangilio. Treni haingoji kontena moja. Mwenye kiwanda Kampemba, hapa Lubumbashi, aliye na mzigo wa kila mwezi kutoka Brazili au Ureno anaweza kujaribu vile vile, akiwa ameuliza gharama ya kipande cha Kolwezi hadi Lubumbashi kwanza.

Ukiwa na mzigo usioweza kuchelewa hata kidogo, kama dawa za kuchakata madini ambazo zikikosekana mtambo unazima, gawanya. Weka sehemu kubwa kwenye njia inayopita Kasumbalesa na sehemu ndogo kwenye njia isiyopita, hata kama ya pili ni ghali zaidi, na weka akiba mjini inayolingana na siku ambazo mpaka umewahi kufungwa.

Na kwa yeyote kati ya hawa, kabla ya kusaini, muulize wakala mambo manne na umtake ajibu kwa namba: mwezi uliopita kontena za wateja wake zilikaa siku ngapi bandarini, zilisubiri siku ngapi kupata lori au behewa, zilikaa siku ngapi Kasumbalesa au Dilolo, na tupu zilirudi baada ya siku ngapi. Atakayejibu kwa namba za mwezi uliopita, mpe kontena moja kwanza, uandike tarehe za kila kituo, halafu ulinganishe na alichokuambia kabla hujampa ya pili.